Machine mu Maharagi ya Mama Victorine

Risala ya bastagiaire ba Atelier-École ya Reli ya Butembo kwa Mama Inspecteur Elikia, yenye inasomwa na Kavugho Kahongya

Mugeni rasmi, Mama Inspecteur Elikia, mwenye mulitoka ku bureau ya Beni. Bakubwa ba muji. Papa Omer, formateur wetu. Adjudant Josaphat na baaskari bako. Bazazi na majirani. Na weye Mama Victorine Vagheni, mwenye ulikamata kiti ya mbele bila protocole kukuonyesha, tena ulifanya muzuri:

Kwa jina ya bastagiaire bote, banafunzi ba kazi, benye beko hapa na benye bangali chini ya machine banafunga boulon ya mwisho, tunawasalimia.

KUPOKEA MUGENI

Karibuni sana, Mama Inspecteur. Wasingya kutsibu, aksanti sana kwa kuja. Tuliona gari yenu inaingia na rangi ya vumbi, rangi yake ya kweli hakuna mutu aliiona, tukasema: huyu mama alikuja na mwili, hakutuma simu. Ile barabara ya kutoka Beni tunaijua. Tunasomea reli, mais tunatembeaka mu barabara sawa batu bote. Donc pole yetu ni pole ya kweli.

Protocole alituambia risala ikuwe fupi. Tulijaribu. Tuliandika moja fupi, tukajisomea sisi kwa sisi, tukaona inasema paka tu "tunashukuru" na "tunaomba", na kile kilitokea hapa hakimo. Na nyinyi mulikuja juu ya kile kilitokea. Njo maana ile fupi tuliipasula. Papa Omer, hapana kutuangalia vile. Ni weye ulitufundisha kwamba mutu anasema ugonjwa yote ya machine mbele mechanicien hajaanza kufungua.

TULITOKA WAPI

Batu mingi banatuuliza: muji haina reli, atelier ya reli ni ya nini? Siku moja mwenzetu Kamate alikuwa ku soko na salopette yake ya kazi. Mama moja ya kuuzisha sombe, majani ya muhogo, akamuuliza:

"Weye mwanafunzi ya treni, treni yenyewe iko wapi?"

"Iko njiani, Mama," Kamate akajibu.

"Ah bon. Na njia iko wapi?"

Kamate alinunua sombe yenye hakuwa nayo lazima, akaenda.

Jibu ya kweli ni hii. Benye balianzisha atelier balisema batu bafundishwe kwanza, reli itakuja nyuma. Reli ilikuja, mais ilikuja kidogo. Inatokea ku mulango ya atelier, inatelemuka, inakata njia ya batu ya kwenda ku mutoni, inafika ku mupaka ya shamba ya Mama Victorine, inaishia pale. Ni njia yote ya treni yenye tuko nayo. Ukipiga chafya ku mwanzo, mutu ya ku mwisho anakuambia "Mungu akubariki".

Machine, ni kusema kichwa ya treni, ilifika nyuma ya reli. Ni ndogo, ya mazout, ni kusema dizeli, ilifanyaka kazi ya kukokota miwa mu plantation moja ya mbali. Ilipita Kasindi juu ya camion kubwa. Pale mupakani kijana moja ya kubadilisha feza aliizunguka, akaizunguka tena, akauliza Papa Omer:

"Volant iko wapi?"

"Hakuna."

"Sasa dereva anakata kona namna gani?"

"Kona inajikata yenyewe," Papa Omer akasema, akapanda camion.

Papa Omer ni mutu ya Kasai. Baba yake alikuwa mutu ya reli, yeye mutu ya reli, Serikali ikamutuma huku kwetu kwenye milima na mbogamboga. Alifika na kepi yake ya kazi na Kiswahili ya kuokota njiani. Akikasirika anatuita "bastagiaire". Akifurahi anatuita "bana banyi", ni kusema batoto bangu. Mwanzoni tulikuwa bastagiaire kwa muda murefu sana.

Machine ilifika imekufa. Tuliifungua, tukasafisha, tukachomelea, tukairudisha, ikabakia na boulon moja yenye hatukujua fasi yake, tukaifungua tena. Marie-Jeanne, soudeuse wetu, alichomelea chasis yote. Na kati yetu kulikuwa mwenye alikuwa anaweka sikio ku moteur sawa daktari ku kifua ya mutoto: Jordy Syauswa, wa Kasindi, mwenye alikuwa anasaidia bamechanicien ba camion mbele ya kuja huku. Jordy hana maneno mingi. Ukimusalimia asubuhi, anaweza kukujibu saa sita. Mais siku ya kujaribu machine, Papa Omer alipouliza nani apande, bote tulisema jina yake, juu yeye peke yake hakuwa na haraka.

KILE KILITOKEA

Mama Inspecteur, mulisoma rapport. Sasa musikie na benye balikuwa pale.

Batu balikuja bengi. Batoto ba shule balikaa ku mwisho ya reli, kule chini, juu ya miti yenye tuliweka ili machine isipite. Jordy akapanda. Akapiga klaxon, honi ya machine. Machine ikakohoa, ikatoa moshi, ikaanza kutembea. Tulilia. Kamate, mwenye anasemaka yeye hawezi kulia, alisema ni moshi.

Pale njia ya batu inakata reli, motard moja alikuwa anapita ku pikipiki na bidon ya mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, nyuma yake. Hakuonaka treni tangu azaliwe. Akaangalia. Akazidi kuangalia. Moto yake ikaendelea, yeye akabakia anaangalia, bote mbili bakaanguka, bidon ikapasuka, mafuta yote ikamwangika juu ya reli. Motard aliamuka bila kidonda, kifuniko ya bidon mu mukono, angali anaangalia.

Jordy aliona. Akazungusha frein, breki ya mukono. Magurudumu ikasimama. Machine haikusimama. Ilikuwa inateleza tu, magurudumu kimya, sawa mutu amekanyanga ganda ya ndizi na hajaanguka bado.

Papa Omer akakimbia pembeni, kepi mu mukono:

"Ruka! Jordy, ruka!"

Jordy hakuruka. Mukono moja ilikuwa ku frein, ingine ku klaxon, na ile klaxon hakuiachilia. Batoto ba shule balisikia, bakatawanyika sawa kuku. Hakuna hata mumoja alikwaruzwa. Machine ikasukuma miti yetu, ikatoka ku reli, ikaingia mu maharagi ya Mama Victorine, ikasimama mule pole pole, sawa ng'ombe mwenye amefika ku majani.

Mama Victorine akatokea na jembe.

"Nani aliweka hii nyumba mu maharagi yangu?"

Jordy alikuwa angali anashika frein.

"Mama, ni treni."

"Inaenda wapi?"

"Ilikuwa inasimama, Mama."

"Basi imesimama. Shuka."

Akashuka. Sisi tulifika na kamba na mbio, na Mama Victorine akatia jembe mbele yetu.

"Hapana kugusa. Mutakanyanga huku na byuma na biatu ya muji yote? Haya maharagi imekomaa. Mutavuna kwanza."

Njo tukavuna. Bastagiaire ba reli, na casque ku kichwa, tukavuna maharagi mbele ya machine, nyuma ya machine, na Marie-Jeanne akaingia chini yake. Mama Victorine alikuwa anapita kuangalia kazi. Mama Inspecteur, mutusamehe, mais hatujaonaka inspection kali sawa ile.

Wakati tulikuwa tunavuna, Jordy alipotea.

Batu balikuja kuangalia machine mu maharagi. Batu ba Kasugho balikuja na chakula yabo. Ndoa moja ilitoka ku kanisa ikakuja kupiga foto pale, bibi-arusi juu ya kitambaa nyeupe, bwana-arusi anajifanya dereva. Habari nayo ikatembea, yenyewe haikukosa frein wala reli. Ku Lubero balisema treni iliingia mu misa. Ku Kasindi balisema ilikuwa inakimbia douane, ushuru ya mupaka. Na ku Beni, mu bureau yenu, ilifika hivi: kijana ya stage hakufunga frein.

Maharagi ilipoisha, tukamuendea Mama Victorine, tukamuomba ruhusa ya kutoa machine. Akatuuliza:

"Ule mwenye aliileta eko wapi?"

Tukasema hatujui.

"Basi mumutafute. Alishuka mu shamba yangu na akaenda bila kuniaga. Akuje kwanza. Asipokuja, nitapanda viazi kandokando yake, na nyinyi mutapita fasi ingine."

Tulisikia Jordy eko Manguredjipa, ku chimbo ya zahabu. Papa Omer na huyu mwenye anawasomea tukapanda moto moja. Ile njia ni matope yenye inameza. Mara tatu tulishuka kusukuma, na Papa Omer alikuwa anasema paka neno moja: "Reli. Reli." Tulimupata Jordy mu maji mpaka magoti, anaosha muchanga. Alituona, akaendelea kuosha.

"Papa Omer, miye nilifunga," akasema bila kuinua kichwa. "Nilifunga mpaka mukono ikalia."

"Ninajua."

"Sasa juu ya nini haikusimama?"

"Mafuta."

"Batu hawasemi mafuta. Banasema Jordy."

Papa Omer akakaa chini mu udongo, na suruali yake yenye anapigaka pasi hata siku ya mazout. Kisha akasema:

"Ku kwetu nilionaka mutu anaruka. Machine ikabakia peke yake, hakuna mwenye alipigia batu klaxon. Nilikuambia uruke kwa sababu niliogopa. Hukuruka. Sikukuja kukubembeleza, mwana wanyi. Nilikuja juu ile machine inapashwa kutoka mule, na sina mutu mwingine ya kuweka ku frein."

Jordy akauliza:

"Na ule mama?"

Akajibiwa na huyu mwenye anasoma:

"Ule mama anasema ulienda bila kumuaga. Njo kosa yote anaona kwako."

Jordy akacheka. Hatukujuaka kama anacheka na sauti. Akanawa mikono.

MAENDELEO

Mugeni rasmi, ku risala zingine hapa njo banahesabia majengo. Maendeleo yetu ni namna machine ilitoka mu maharagi.

Jordy alifika, akasimama mbele ya Mama Victorine, akasema: "Mama, nilikuja kuaga." Mama akamupatia sahani ya maharagi, akamuambia ale kwanza, akulie kule juu, ndani ya machine, ili batu bote bamuone. Akala. Batu bakamuona. Nyuma ya pale hakuna mutu ya hii quartier alimuita jina mubaya.

Kisha kazi ikaanza. Bachauffeur ba camion ya Kasindi balituazima cric yabo, jeki ya kuinulia gari. Tukainua machine kidogo kidogo, tukatia miti chini, tukalaza byuma ya reli juu ya miti, machine ikatembea urefu yake mwenyewe. Tukang'oa byuma ya nyuma, tukaileta mbele, ikatembea tena. Baaskari ba adjudant Josaphat balikuja kuuliza makelele ni ya nini, bakabakia kusukuma. "Tindika! Tindika!" Wamama baliosha reli na majivu na sabuni mpaka mafuta yote ikatoka. Hata ule motard alikuja, akasukuma upande ya nyuma, juu upande ya mbele tulimukatalia.

Papa Omer aliachia Jordy kazi. Alikaa pembeni ya Mama Victorine, anakunywa chai yake. Jordy njo alikuwa anasema "inua", "achilia", "ngoja". Mama Inspecteur, tulisikia maneno yake mingi kwa siku moja kuliko kwa stage yote. Na wakati magurudumu ilipanda ku reli ya kweli, ikafanya ile sauti yake, Papa Omer akaweka kikombe chini.

"Bana banyi," akasema. "Sasa munajua kazi."

MAGUMU

Magumu yetu ni mingi, mais hatutaiweka yote. Courant, umeme yetu, inakatika kila Marie-Jeanne anapoanza kuchomelea, mpaka batu banasema yeye njo anaikata. Casque yenye balitutumia ilipimwa ku vichwa ya wanaume benye balinyolewa. Wasichana tukisuka nywele, inakaa juu sawa kifuniko ya sufuria. Kufasi batu banakatisha reli hakuna barrière ya kuwazuia, na ku mwisho kule tungali na miti.

Gumu ya kweli ilikuja na simu. Bureau ilitupigia, ikasema rapport inapashwa kufungwa. Kama jina ya mwenye alikuwa ku frein inafutwa mu atelier, kazi inaendelea. Kama hapana, machine inapandishwa camion, inatumwa muji ingine yenye iko na reli ndefu.

Hatutawadanganya. Tulikaa pamoja, na si bote tuliongea sauti moja. Bengine kati yetu balisema mumoja akienda, bote banabakia na kazi. Ni maneno yenye mutu anasema akifikiri mama yake ku nyumba, hatuwalaumu. Kisha mulango ikafunguka, Jordy akaingia na sakoshi yake imefungwa tayari.

"Miye nitarudia Manguredjipa," akasema. "Machine ibakie."

Marie-Jeanne akasimama, akamunyanganya sakoshi, akaitia mu armoire ya outils, kabati ya byombo ya kazi, akafunga. Mpaka leo ufunguo haijaonekana. Tulitafuta kidogo tu.

Donc bureau ilituambia tuchague, na sisi tulishindwa kuchagua. Njo maana nyinyi muko hapa.

MAOMBI

Tunaomba, Mama Inspecteur, mu rapport fasi iliandikwa "hakufunga frein", muandike "mafuta ya ngazi". Motard amekubali kuweka signature, na bidon yake yenye ilipasuka tuliichunga.

Tunaomba Jordy Syauswa amalize stage yake na apate brevet, cheti ya kazi, sawa sisi. Kama bureau haiwezi kumupatia, basi mutupatie jibu kwanza ya hii swali: tutasemaje kwa wale batoto ba shule, benye bangali banapita hapa kila asubuhi na banamupigia "pooo!" sawa klaxon?

Tunaomba machine isipande camion. Imeshazoea huku. Tunaomba barrière, butoir ya chuma ya kuzuia machine ku mwisho, na casque za vichwa yote. Na kama kuko reli mahali fulani imelala bila kazi, tunaomba ikuje, hata ya kufika paka ku barabara kubwa. Mama Victorine yeye anataka ipite ku mupaka ya shamba yake, na gare, kituo ya treni, ikuwe pale. Tulimueleza kwamba ruhusa ya gare inatoka ku bureau. Alijibu: "Bureau ikuje iniombe miye. Shamba ni yangu." Bench ya kukalia amesha kuitengeneza. Tunaleta ombi yake sawa vile alivyoisema, juu hatukuweza kuipunguza.

Tungali na moja, kisha tunyamaze. Machine iko moto. Nyuma yake tumefunga wagon, na kiti yenye tumepangusa. Reli tuliiosha hii asubuhi. Mbele ya kutoa uamuzi yenu, tunaomba mupande. Jordy eko ku frein. Mama Victorine anasema kama mugeni anaogopa, yeye atakaa upande ya mbele, kama ni kuingia mu shamba, ni yeye wa kwanza kuingia kwake. Tutatelemuka mpaka kule chini, Jordy atasimamisha, mutashuka. Na kama mungali munaona jina yake inapashwa kutoka, mutamuambia yeye mwenyewe, pale pale, kisha kumushukuru kwa kuwa alisimamisha.

Mungu abariki safari yenu ya kwenda na ya kurudi. Abariki mikono ya benye banatengeneza na miguu ya benye bangali banatembea. Apatie Beni, Butembo na Lubero yote amani, batu balale mu nyumba yabo na baamukie ku kazi yabo.

Ni sisi, bastagiaire bote ba Atelier-École ya Reli ya Butembo. Na tukisema bote, Mama Inspecteur, Jordy eko ndani.